Mume Wangu Kifungua Mimba Ananiendesha Kama Mdogo Wake

Shikamoo Mama Mkubwa. Mimi ni mama wa miaka 33, naishi Dar es Salaam. Huu ni mwaka wa 10 wa ndoa na tuna watoto watatu. Kwetu mimi ni kitinda mimba, wa sita, nimekua nikipendwa na kudekezwa, sijazoea kufokewa. Mume wangu ana miaka 42, ni kifungua mimba, kwao nao wako sita. Mama Mkubwa, nimechoka. Nyumba anaiongoza kama mwalimu wa zamu. Usiku anakagua milango mara mbili, anajua mtungi wa gesi umekaa siku ngapi, nikishika jambo anasema "acha, nitafanya mwenyewe". Kucheka na mimi hacheki, lakini nimewahi kumkuta kijiweni na wenzake anacheka mpaka machozi yanamtoka. Kila mara ananikumbusha kwamba aliacha shule darasa la saba akawa saidia fundi baba yake alipopunguzwa kazi, kama vile mimi ndiye niliyempunguza. Mama yake akipiga simu anamwita "baba", na akishaitwa hivyo lazima pesa itoke. Mwezi uliopita amemlipia mdogo wake wa mwisho ada ya chuo shilingi 1,200,000 bila kuniambia, wakati wadogo zake watatu wana ajira na saluni yangu inahitaji kupanuliwa. Mwaka jana baba yangu alipolazwa bili yote alilipa yeye, lakini hata hapo hakunibembeleza, alilipa akarudi dukani kwake. Mimi asubuhi mgongo unaniuma, nashukuru binti yangu wa miaka 9 ni mtu mzima kabisa, anachemsha chai na kumwogesha mdogo wake kabla ya kwenda shule. Kweli kifungua mimba ni kifungua mimba tu. Sasa nimeona video mtandaoni ikieleza kwamba kifungua mimba ni mtawala kwa asili na hawezani na kitinda mimba. Shoga yangu ameolewa na kitinda mimba mwenzangu, kila Jumapili wako ufukweni. Je, tabia hii iko kwenye damu, haibadiliki? Nivumilie au niondoke?

Kitinda Mimba, Dar es Salaam

MAMA MKUBWA ANAJIBU

Marahaba, mwanangu. Pole kwa mgongo, na pole kwa kukaa na mtu asiyecheka nawe. Upweke wa namna hiyo unauma, sitaupuuza. Lakini pole yangu inaishia hapo, maana barua yako nimeisoma mara tatu, na kila nikiisoma simwoni huyo mtawala uliyetaka nimwone.

Namwona mwanamume anayekagua milango mara mbili, na wewe umelala. Namwona mkwe aliyelipa hospitali ya baba yako. Hebu nikuulize. Kwenu mko sita na wewe ndiye wa mwisho, kwa hiyo una kaka na dada watano waliokutangulia. Baba alipolazwa walikuwa wapi hao watano? Bili haikumkuta hata mmoja wao, ikamkuta mume wako, na katika barua nzima jambo hilo umeliandika kama shtaka: hakunibembeleza. Mwanangu, mtu aliyelipa kaunta akarudi dukani moja kwa moja amekwenda kuifidia pesa iliyomtoka. Kubembeleza kwake ndiko huko. Wewe pesa inapokwenda kwa shemeji yako unaihesabu mpaka sifuri ya mwisho, ikija kwa baba yako hata kiasi hukukiandika.

Sasa hilo la damu tulimalize. Habari ya tabia kwenda na zamu ya kuzaliwa haikuanza kwenye video yako. Alfred Adler, daktari wa Vienna, mwenyewe wa pili katika watoto saba, aliieneza miaka ya 1920. Alisema mtoto wa kwanza huishi kama mfalme mpaka siku mdogo wake anapozaliwa akashushwa kitini, na tangu hapo anakuwa mtu wa kupenda utaratibu na mamlaka. Wa kati anashindana, wa mwisho anadeka. Maneno yalipendeza, kila aliyeyasikia akamwona ndugu yake humo, na watu wakabishana miaka na miaka. Mwaka 2015 watafiti wa Ujerumani wakachukua taarifa za watu zaidi ya 20,000 wa Marekani, Uingereza na Ujerumani, wakatazama uchangamfu wao, upole, utulivu wa moyo na bidii ya kazi. Zamu ya kuzaliwa haikugusa hata kimoja kati ya hivyo. Mwaka huohuo wengine wakatazama wanafunzi wa sekondari 377,000 huko Marekani, na tofauti waliyoipata ilikuwa ndogo kiasi kwamba ukiwaketisha watu wawili sebuleni kwako huwezi kuitambua.

Utaniuliza, mbona vifungua mimba wakali tunawajua sote? Tunawajua kwa sababu tunawatazama wakiwa nyumbani, mbele ya wadogo zao. Na mkubwa ni mkubwa kila siku. Ukimweka mume wako wa miaka 42 karibu na mdogo wake aliyeko chuo, unachokiona ni umri, halafu unauita tabia. Kisha wewe mwenyewe umeandika jibu bila kulijua. Kijiweni anacheka mpaka machozi. Kama ukavu uko kwenye damu, anapokwenda kijiweni damu anaiacha wapi? Kule kijiweni hakuna mtu wa kumlisha. Kuna wenzake tu. Ndiyo maana anacheka.

Kuna jambo moja dogo ambalo hao watafiti wanalikubali, nalo ndilo lililonigusa. Kwenye vipimo vya akili, wa kwanza kwa wastani anamzidi wa pili kidogo, kama pointi 2 au 3. Norwe walitazama vipimo vya vijana zaidi ya 240,000 wa jeshi, matokeo yakatoka mwaka 2007. Wakakuta kwamba kijana aliyezaliwa wa pili lakini mkubwa wake akafa angali mchanga, alama zake zilifanana na za wa kwanza. Tumbo lilimtoa wa pili, nyumba ikamlea kama wa kwanza, na alama zikaifuata nyumba.

Hili nililiona kwa macho yangu kabla ya kusikia habari za Norwe. Kwetu tulizaliwa saba, mimi wa nne. Kaka yetu mkubwa alifariki akiwa na miaka 19, homa ya wiki moja tu. Aliyemfuata alikuwa mtu wa mpira na usingizi, mama alikuwa akimmwagia maji ndiyo aamke. Tulipomaliza arobaini, baba alimwita uani akampa panga na ufunguo wa stoo, vitu alivyokuwa akivishika marehemu. Hawakuzungumza hata dakika tano. Kesho yake naamka kwenda kisimani namkuta amekwisha kufagia zizi. Alikuwa na mluzi mmoja mzuri sana, sikuusikia tena. Sasa ni zaidi ya miaka 40 ndiye anayepigiwa simu msiba ukitokea, ndiye anayewekwa mdhamini, ndiye mwenye presha. Juzi nilimuuliza, kaka, hivi mpira uliuacha lini? Akanyamaza kitambo, akasema, siku ile ya ufunguo.

Mume wako naye alipewa ufunguo wake. Baba yake alipunguzwa kazi. Kama ni miaka ile ya 1990, na kwa umri wake lazima iwe ndiyo, wewe ulikuwa mtoto mdogo, hukuona mashirika ya umma yalivyokuwa yakipunguza watu: leo baba ana mshahara, kesho ana barua. Mvulana wa darasa la saba akawa saidia fundi, akabeba zege na ndoo za mchanga ili wanne, watano nyuma yake wale. Ada ya sekondari ya serikali hadi kidato cha nne imefutwa mwaka 2016. Huyo mdogo wake wa mwisho, kwa umri wake, alisoma sekondari wakati mlango umeshafunguliwa, na leo yuko chuo. Wametoka tumbo moja, lakini mmoja alikulia katika nyumba yenye barua ya kupunguzwa kazi, mwingine katika nyumba yenye kaka mwenye duka. Ukitaka kujua kwa nini hawafanani, anzia hapo. Unasema anakukumbusha habari ya darasa la saba kila mara, nawe unasikia lawama. Mimi nasikia mtu anayerudia jambo moja kwa sababu miaka 10 hakuna aliyemuuliza, kisha ikawaje? Ulikuwa unapenda somo gani? Umewahi kumuuliza?

Wahenga walisema mkubwa ni jalala, na jamii zetu zimelipanga jalala hilo kwa mila. Lugha yenyewe inapanga watu kwa zamu: mdogo wa baba ni baba mdogo, dada mkubwa wa mama ni mama mkubwa, ndilo jina mnaloniita. Kwa Wachagga, kwa mila ya kihamba, yaani shamba la migomba la ukoo, wa kwanza alikatiwa sehemu yake, wa mwisho akarithi nyumba ya baba na kuwatunza wazazi, na wa kati wakaambiwa wakajitafutie. Wengi walishuka mlima kutafuta ardhi na biashara mbali. Ukimkuta mtoto wa kati mwenye mbio za kutafuta, usiseme kazaliwa nazo, kumbuka hakuachiwa migomba. Na huyo mama mkwe unayemsema, kumwita mwanawe "baba" si ujanja wa kuchomoa pesa. Sehemu nyingi mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu yake, na mama hawezi kumwita mkwewe kwa jina kavu. Amemwita baba tangu ananyonya. Mtu aliyeitwa baba kabla hajajua kutembea, unataka ajifunze lini kudeka?

Kosa analo, sitaficha. Kutoa 1,200,000 kimyakimya ni kosa. Mke si mpangaji. Angekuwa amegusa nyumba mnayoishi ningesema maneno mengine, kwa sababu Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 hairuhusu mume kuuza wala kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mke. Ada ya mdogo mtu haifikii huko, lakini siri ni siri, na siri za pesa zinaila ndoa kama mchwa. Kosa la pili ni hilo la "acha, nitafanya mwenyewe". Ana wadogo watatu wenye ajira na hajawahi kuwaambia wachange, maana hajui kuomba. Hakufundishwa. Alifundishwa kutoa.

Lakini wewe je? Barua fupi, na ya kwanza kuniambia baada ya umri wako ni kwamba ulidekezwa. Nawe ulipewa kazi kwenu, kazi ya kupendwa, na umeifanya vizuri mpaka miaka 33. Ulipotaka kuolewa ulimtafuta mtu wa kukufungia milango, wa kujua gesi itaisha lini, wa kulipa bili ya baba. Ulimtafuta kaka mkubwa, Mungu akakupa, na leo unashtaki kwamba anakaa kama kaka mkubwa. Anakuendesha kama mdogo wake kwa sababu nafasi uliyoikalia ndiyo hiyo. Umesema huyo mtungi wa gesi anauhesabia siku. Umewahi kuununua kabla haujaisha, bila kuambiwa? Mara moja tu katika miaka 10?

Hapa nisemee ndoa za siku hizi, maana wewe si wa kwanza kuniletea video. Nimeletewa nyota, nimeletewa makundi ya damu, sasa nimeletewa zamu ya kuzaliwa. Mume yuko sebuleni, mke yuko chumbani anamsoma mume huyohuyo kwenye simu. Zamani mshenga alipokwenda kuuliza habari za ukoo, swali la wa ngapi kuzaliwa liliulizwa, ila liliulizwa kwa akili: ili watu wajue huyu ana mzigo gani nyuma yake, nani anamtegemea, bibi harusi ajiandae kuubeba pamoja naye. Leo kichen pati inakusanya mamilioni, sare zinashonwa, vyombo vinajaa chumba, na binti anatoka pale hajui mume wake anasomesha wangapi. Anakuja kugundua mwaka wa tatu, kwa kuchungulia miamala kwenye simu, na anaona ameibiwa. Hakuna aliyemwibia. Hakuuliza. Vijana wa kiume nao wanaficha, wanaogopa kwamba wakisema "nina wadogo watano" mchumba atakimbia, na kweli wengine wanakimbia. Ndoa inaanza na uongo wa kimya kutoka pande zote mbili, halafu tunatafuta mchawi kwenye damu ya mtu.

Na huyo shoga yako wa ufukweni, Jumapili yake umeiona, Jumatatu yake hujaiona. Kitinda mimba anayecheka kila wiki aghalabu ana mkubwa wake mahali fulani anayelipa matibabu ya mama yao. Simtukani mtu. Nakuomba tu usipime ndoa yako kwa picha ya mwenzako. Ukiona vyaelea, vimeundwa, na aliyeviunda mara nyingi hayumo pichani.

Hukumu yangu ni kwamba usiondoke. Hujanipa sababu hata moja ya kuondoka. Hakupigi, hana nyumba ndogo, halewi, hajakunyima chakula. Mtafute siku akiwa ametulia, isiwe usiku na isiwe baada ya simu ya mama yake. Usianze na saluni. Anza na kumshukuru kwa ile hospitali ya baba, maana nina hakika hujamshukuru. Kisha mwambie unataka mjue pamoja fungu la ndugu kwa mwezi ni kiasi gani, liwekwe, lijulikane, na likiisha limeisha. Mwambie awaite hao watatu wenye ajira wagawane ada ya mdogo wao, na kama mdomo unamkauka kuwaomba, omba ruhusa uwapigie wewe kama shemeji yao. Hapo ndipo atakapokuona mke. Gesi iwe yako kuanzia mtungi ujao, na bili ya umeme pia. Akisema "acha, nitafanya mwenyewe", usiache.

Nimebakiza lililonikosesha usingizi. Ulifikiri ni neno la kupita tu. Umesema binti yako wa miaka 9 ni mtu mzima kabisa.

Mwanangu, ana miaka 9. Anasimama mbele ya sufuria la maji yanayochemka wakati wenzake wanatafuta soksi. Anamwogesha mtoto mwingine kabla hajajisugua mwenyewe. Halafu mama yake anatazama na kusema kifungua mimba ni kifungua mimba tu, kana kwamba alizaliwa ameshika dodoki. Wewe ndiye uliyempa. Kila asubuhi unamkabidhi ufunguo uleule uliomkausha baba yake, na miaka 20 ijayo kuna kijana wa watu ataniandikia barua kwamba mke wake hacheki, anakagua milango mara mbili, kila jambo anasema atafanya mwenyewe. Mtaani wanakuita mama fulani, na huyo fulani ni yeye. Jina unaloitwa na majirani, dukani, kliniki, alikupa yeye siku aliyozaliwa. Alikufanya mama, nawe umemfanya msaidizi.

Sisemi asifanye kazi. Mtoto afue soksi zake, afagie, aoshe sahani, na mdogo wake naye afundishwe vivyo hivyo kadiri ya umri wake, maana huyo naona hujamtajia kazi hata moja. Ninachokataa ni kumkabidhi nyumba. Kusaidia kunaisha, mtoto akaenda kucheza. Kukabidhiwa hakuishi.

Mgongo upeleke hospitali wiki hii, usiufanye sababu mwaka mwingine mzima. Jumatatu amka saa kumi na moja na nusu, chai uipike wewe na mtoto umwogeshe wewe. Binti akiamka atakuja jikoni kwa mazoea na kushika sufuria. Mwondoe mkono taratibu, mwambie bado mapema, arudi kitandani. Hataelewa mara ya kwanza, atasimama mlangoni akikutazama. Mrudishe tena kesho yake, na keshokutwa. Baba yake akiamka akakuta hivyo, usimweleze kitu, mwache aone.